Mpira Mdogo Chini ya Gari

Njia ya Bukavu kwenda Goma hupita Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, na vumbi lake halina huruma kwa kardani. Kiungo cha nje, upande wa gurudumu, kwa kawaida kina gololi sita za chuma, nazo hulindwa na grisi ndani ya mfuko wa mpira. Mfuko ukipasuka, grisi hutoka, mchanga huingia na kuisaga chuma kama tupa.

Msomaji mwenye gari, kata usukani hadi mwisho, uende polepole. Ukisikia ta-ta-ta, usipoteze fedha kununua mpira: kiungo chenyewe kimekwisha. Kukiwa kimya, kisafishe, tia grisi mpya, ukaze mpira ncha zote mbili. Lakini usijilaze kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Litegemeze kwanza kwa magogo mapana.