Kazi ya Dereva wa Lori: Kijana Wetu Aanze Wapi?



Kutoka Nyanchwa hadi Keroka, na kutoka Nyamira hadi Ogembo, kuna ombi moja ambalo huletwa mara kwa mara kwenye mikutano ya vikundi. Kijana amemaliza shule, au ameendesha bodaboda miaka kadhaa, na sasa anataka kuwa dereva wa lori. Anaomba kikundi kimkopeshe. Nyumba nyingine baba ameshaanza kutafuta mtu wa kununua kipande cha shamba. Je, hiyo ni busara? Wacha tuangalie kazi yenyewe ilivyo, halafu tuone vile kikundi kinaweza kusaidia bila kuumia.

Kazi iko?

Kazi iko, lakini si ya kuokota. Sisi watu wa milimani tunajua vile mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande vidogo. Mazao yetu lakini husafiri. Ndizi zinapakiwa kwenda Nairobi. Majani chai ya viwanda kama Kebirigo, Sanganyi na Nyamache hupelekwa Mombasa kwa mnada. Kuna mawe ya Tabaka, kuna mchanga, kokoto na saruji za wajenzi. Zaidi ya hapo kuna barabara kuu inayotoka bandari ya Mombasa, kupitia Nairobi hadi Malaba na Busia, inayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo.

Ni vizuri kijana ajue kwamba kazi hii hubadilika. Tangu 2018 reli mpya inabeba sehemu ya makontena kutoka Mombasa hadi Nairobi, na baadaye Naivasha. Kwa muda serikali iliamuru makontena yapite kwa reli, na madereva wengi wa Mombasa wakakosa kazi. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Kwa hivyo anayeingia kazi hii asifikiri ameshika kitu kisichotikisika.

Leseni ni ngazi

Wazee wanakumbuka leseni ya zamani ya B-C-E: mtu anafanya mtihani mmoja na anapewa madaraja yote pamoja. Siku hizo zimekwisha. Sasa mamlaka ya usalama barabarani, yaani NTSA, hutoa leseni kwa madaraja:

1. B ni gari dogo. Umri wa chini ni miaka 18.
2. C1 ni lori dogo.
3. C ni lori la kawaida.
4. CE ni lori lenye trela.

Umri unaotakiwa unapanda kadiri gari linavyokuwa kubwa. Kijana wa miaka 18 hawezi kupewa trela, hata kama mjomba wake ana kampuni. Anaanza chini, anapata uzoefu, ndipo anapanda. Anayesema atakupatia leseni ya trela kwa wiki mbili bila mtihani anakuuzia jela.

Kijana aende shule ya udereva iliyosajiliwa na NTSA, achukue leseni ya kujifunzia kupitia eCitizen, ajifunze kwa gari la daraja lile analotaka, kisha afanye mtihani. Kabla ya kulipa, aulize shule: lori la kujifunzia liko wapi? Shule nyingine hufundisha kwa gari dogo tu. Pia atahitaji cheti cha tabia njema kutoka polisi, kwa maana waajiri wengi hukiuliza.

Baada ya leseni, wengi huanza kama tanboi. Asione aibu. Tanboi mwenye macho hujifunza kufunga mzigo, kubadilisha gurudumu, kusoma karatasi za mzigo na kusikia gari linapolia vibaya. Hayo yote yatamsaidia siku atakaposhika usukani.

Mteremko hauna huruma

Watu wengi hufikiri kuendesha lori ni kuongeza mafuta na kushika usukani. Udereva wenyewe uko kwenye breki. Breki hushika kwa msuguano, na msuguano huleta joto. Dereva akishuka mlima mrefu huku amekanyaga breki wakati wote, zinapata moto mpaka zinapoteza nguvu. Anakanyaga, gari linaendelea. Ndiyo sababu dereva mzuri huingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, injini ikisaidia kulizuia gari. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli ni kucheza na roho za watu. Na breki za lori kubwa hufanya kazi kwa upepo. Kila asubuhi dereva aangalie geji ya upepo na asikilize kama kuna mahali panapovuja.

Nchi hii imelipa gharama kubwa barabarani. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction katika Kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likaingia kwa wafanyabiashara na magari yaliyosimama kando. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengine walikuwa wakiuza mboga tu. Na sisi tulio kando ya barabara tusisahau Sachangwan, Januari 2009: lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Lori la mafuta likianguka, ondoka mbali na uondoe watoto.

Sheria ambazo dereva lazima ajue

Saa za kazi. Sheria ya trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika muda wa saa 24. Mwenye gari naye haruhusiwi kumlazimisha. Anayetafuna miraa usiku kucha ili afike mapema anavunja sheria na anauza maisha yake kwa bei ya chini.

Mwendo. Malori makubwa hufungwa kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa. Kukiharibu ni kosa.

Uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 iliweka uzito wa juu kabisa kuwa tani 56, gari na mzigo pamoja, kwa lori la ekseli 7. Lori lenye ekseli chache linabeba kidogo kuliko hapo. Kuna mizani Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Tajiri anaweza kusema "ongeza magunia kidogo tu," lakini anayesimama mizanini ni dereva. Ajifunze kusema hapana kabla ya kuondoka, si baada ya kushikwa.

Mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kijana aulize: mshahara ni wa mwezi au wa safari? Pesa za chakula na malazi njiani ni ngapi? Gari likiharibika njiani siku tatu, nani analipa? Makato ya NSSF na bima ya afya ya SHA yanapelekwa kweli? Sheria ya fidia ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Jambo hilo lisiachwe mpaka mguu uvunjike.

Kazi za ng'ambo. Wako wanaoahidi kazi ya lori Ghuba au Kanada. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uhakikishe wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Anayetaka pesa haraka na hana ofisi, muacheni.

Nyumbani nako

Dereva wa masafa marefu anaweza kukaa wiki mbili bila kuona watoto wake. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walikaa siku nyingi kwenye foleni za Malaba na Busia wakingoja vipimo, na vijiji vingine vikawaogopa kama wachawi. Ukimwi nao umepita na barabara hizi tangu miaka ya themanini. Mume na mke wazungumze mapema, bila kuona haya: pesa zitatumwa vipi, nani ataamua mambo ya shamba, na wote wawili wapimwe. Na dada zetu pia wasiambiwe ati kazi hii ni ya wanaume. Wako wanawake wanaoendesha matrela hapa Kenya.

Kikundi kisaidie vipi?

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akiweka shilingi 200 kwa wiki, kinakusanya 4,000 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni 48,000. Hizo si pesa za mchezo, ni jasho la akina mama wanaouza managu na ndizi Daraja Mbili. Kwa hivyo tunashauri:

1. Mkopo utolewe kwa hatua. Kwanza daraja moja la leseni. Akifaulu na akipata uzoefu, ndipo mjadili la pili.
2. Pesa zilipwe shuleni moja kwa moja na risiti iletwe kikundini. Zisipite mfukoni mwa kijana.
3. Wadhamini wawe wawili, wanachama wanaoweka akiba kila wiki.
4. Mkubaliane kwa maandishi ataanza kulipa lini. Kupata kazi huchukua muda, kwa hivyo mumpe miezi kadhaa, lakini tarehe iandikwe.
5. Shamba lisiwe dhamana, na lisiuzwe. Leseni inaweza kufutwa na kazi inaweza kwisha, lakini shamba likienda halirudi. Tena shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila kibali cha bodi ya ardhi, na shamba la familia linahitaji idhini ya mke au mume. Mama ana haki ya kusema hapana.

Kijana akikubali masharti haya kwa moyo mweupe, hiyo ni dalili nzuri. Akikasirika kwa sababu ya risiti, huyo huyo ndiye mtamkabidhi tani 30 kwenye mteremko?

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni vijana wangapi wa hapa kwetu wana leseni na hawana kazi? Walikwama wapi?
2. Ni dereva gani mzoefu wa kijiji chetu tunaweza kumwalika aje azungumze na vijana?
3. Akina mama katika kikundi wanasemaje kuhusu kuuza shamba kwa ajili ya masomo ya mtoto mmoja?
4. Tufanye nini mwezi huu, na nani atafuata jambo hilo?