Jinsi Njiwa Anavyotua

Jioni njiwa wa kufugwa wanaporudi bandani huko Buswelu, mkoani Mwanza, mchague mmoja umtazame mpaka miguu yake iguse bati. Utaona kwamba huinua kiwiliwili, hupiga mabawa kwa nguvu ili kupunguza mwendo, kisha hunyosha miguu. Tazama pia kichwa chake. Huenda mbele na kurudi kwa haraka sana, karibu kama afanyavyo anapotembea akidonoa mtama.

Kutua ni kazi ya hatari. Njiwa akichelewa kupunguza mwendo, atajigonga. Akipunguza mapema mno, ataanguka kabla ya kulifikia paa. Hivyo ni lazima ajue umbali uliobaki.

Wewe hutazama mbele kwa macho mawili pamoja. Macho ya njiwa yako kando ya kichwa. Humwezesha kumwona mwewe anayemjia kutoka upande, lakini ni sehemu ndogo tu ya mbele ambayo huonwa na macho yote mawili. Je, hupimaje umbali?

Fanya jaribio hili. Funga jicho moja. Nyosha mkono na uinue kidole kielekee jiwe kubwa lililo mbali kilimani. Sasa sogeza kichwa kushoto na kulia. Kidole kitaonekana kukimbia, lakini jiwe litasogea kidogo tu. Kitu kilicho karibu huonekana kusogea zaidi kuliko kilicho mbali. Njiwa asogezapo kichwa hupata habari ya namna hiyo.

Anapotembea, kichwa husukumwa mbele, kisha hutulia huku mwili ukikifuata. Wakati huo picha machoni haitikisiki. Mwaka 1978 mtaalamu Barrie Frost wa Kanada alimtembeza njiwa juu ya mkanda unaozunguka, naye akatembea bila kuondoka mahali pake. Kwa kuwa vitu havikupita machoni pake, aliacha kutikisa kichwa! Mwaka 1988 wataalamu Davies na Green wa Uingereza walieleza kwamba njiwa anayetua husogeza kichwa pia, ila hakitulii kama anapotembea.

Ukifika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mtafute mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe. Hupiga mabawa hewani mahali pamoja, kichwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa majini kukamata samaki.

Maswali
1. Kwa nini mdiria hutuliza kichwa kabla ya kujitupa majini?
2. Mtazame kuku anapotembea. Kichwa chake hutulia wakati gani?