Kwanini Generals Zero Hour ilitelekezwa na wenyewe

Leo naongelea gemu ambalo aliyewahi kukaa cafe yenye mashine za LAN atakuwa amelikuta: Command & Conquer Generals na nyongeza yake, Zero Hour. Yote mawili yalitoka 2003 chini ya kampuni ya EA.

Naanza na kisa. Tulikuwa wanne, mechi imefika dakika ya arobaini, mshkaji wangu kabakiwa na kambi moja na vifaru vyangu viko mlangoni kwake. Ghafla ukaja ujumbe kuwa mashine hazilingani, mechi ikafia hapo. Hakuna mshindi, na hela ya saa nzima imekwenda. Mshkaji mpaka leo anadai alikuwa karibu kunipiga (thubutu!). Mwenye cafe akafuta nakala zote, akakopi folda moja kwenye kila mashine, na siku ile tatizo halikurudi.

Nikaenda kuchimba maana yake. Kumbe gemu za aina hii hazitumiani picha ya vita. Wachezaji 8, kila mmoja na lundo la askari, intaneti ya miaka ile isingebeba. Watengenezaji wa Age of Empires ya 1997 walilieleza hili kwenye makala yao ya 2001. Kila kompyuta inapigana vita nzima yenyewe, na kinachopita kwenye waya ni amri tu: kifaru hiki kiende pale, jengo lile lijengwe hapa. Yaani ni kama watu wanne waliokaa vyumba tofauti wakipiga hesabu moja huku wanasomewa namba zilezile. Mmoja akikosea tarakimu moja tu, majibu hayakutani tena. Ndiyo maana pia mashine moja nzito inawavuta wote.

Sasa hesabu ya namna hiyo haiwezi kumalizwa siku gemu linapoingia dukani. Makosa mengine yanaonekana pale watu wengi wanapocheza, kila mmoja na mbinu zake, na lazima awepo mtu wa kuyafuta. Zero Hour hakubaki mtu. Sasisho la mwisho lilikuwa 1.04, basi. Studio iliyolitengeneza ikahamia kazi nyingine, ikiwemo The Battle for Middle-earth ya 2004. Ukiuliza kwanini, jibu ni hela: mteja kalipa mara moja dukani, na kila mwezi anaoendelea kucheza mtandaoni ni gharama kwa kampuni.

Aliyeumia ni mchezaji wa mtandaoni. Ukicheza na kompyuta, majenerali kuzidiana siyo tatizo. Ila mchukue jenerali wa anga, ambaye ndege zake za King Raptor zina miale ya kudungua makombora yanayozifuata, umpambanishe na jenerali wa vifaru ambaye hata mizinga ya masafa marefu hana. Tangu 1.04 EA hawakugusa hayo.

Halafu ikaja mbaya zaidi. Kulikuwa na mpango wa Generals mpya, ukafutwa Oktoba 2013. Mwaka uliofuata GameSpy, iliyokuwa mahali pa wachezaji kukutana, ikatangaza kufungwa, na tarehe 30 Juni 2014 EA ikazima huduma ya mtandaoni ya Generals na Zero Hour. Angalieni hapo: vita yenyewe inaendeshwa kwenye mashine zetu, walichofunga ni sebule ya kukutania. Mashabiki wakajenga sebule yao, C&C:Online, bila malipo. Shabiki mwingine akatengeneza GenTool ya kubana wezi wa mchezo. Machi 2024 EA wakaanza kuliuza gemu kwenye Steam, lakini sebule hawakuirudisha. Hapo mimi nawalaumu kabisa. Kama bado mnachukua hela, hudumieni.

Nao wapewe haki yao kwa jambo moja. Februari 2025 EA walitoa msimbo wa gemu lote, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwa leseni huru ya GPL. Wanaojua kuandika programu wakaanza kazi ambayo tuliisubiri tangu 1.04.

Ila kuna mtego. Ukirekebisha kosa ndani ya ile hesabu, umebadilisha hesabu. Mwenye gemu lililorekebishwa akikutana na mwenye 1.04 ya zamani, majibu hayalingani na mechi inakufa vilevile. Kwa hiyo mafundi wanapaswa kutenganisha marekebisho yasiyogusa hesabu, hayo yanaweza kutoka hata leo, na yale ambayo wachezaji wote watalazimika kuyapokea kwa pamoja. Kwa cafe ni kazi ileile ya yule jamaa yetu: folda moja, mashine zote, siku moja.