Bawabu wa tovuti anapomkaribisha mwizi

Je, msomaji, umewahi kufungua akaunti yako ya benki katika kompyuta, ukatazama salio, kisha kabla ya kutoka ukafungua tovuti nyingine ya michezo au udaku? Wengi wetu hufanya hivyo. Kinachoizuia tovuti hiyo ya pili kuchungulia akaunti yako ni kivinjari, yaani programu unayotumia kufungulia tovuti.

Unapoingia katika akaunti, tovuti hukuachia alama ndogo iitwayo kuki. Kila unaporudi, kivinjari huionyesha kuki hiyo, nawe ukatambuliwa bila kuulizwa tena neno la siri. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 kampuni ya Netscape iliweka sheria katika kivinjari chake: tovuti moja isisome majibu ya tovuti nyingine. Vivinjari vingine viliifuata.

Hata hivyo, ziko tovuti zinazohitaji kushirikiana. Kwa ajili yao uliundwa utaratibu wa CORS, ambao shirika la W3C liliuidhinisha mwaka wa 2014. Kwa utaratibu huo, tovuti hukiambia kivinjari ni nani anayeruhusiwa kusoma majibu yake, mithili ya bawabu mwenye orodha ya wageni.

Balaa huzuka pale bawabu anapokosa orodha. Tovuti ikisema "yeyote na aingie," kivinjari hukataa kutoa majibu ya ombi lililobeba kuki. Basi baadhi ya watengenezaji hutafuta njia ya mkato: programu yao humsoma mgeni jina, kisha humjibu kwa jina lilo hilo kwamba ameruhusiwa. Hata mwizi hukaribishwa.

Mwaka wa 2016, mtafiti James Kettle wa kampuni ya PortSwigger, Uingereza, alieleza jinsi alivyogundua kasoro hiyo katika soko moja la Bitcoin ambalo hakulitaja jina. Mteja aliyekuwa ndani ya akaunti yake angefungua tu ukurasa wa mwizi, ufunguo wake wa siri ungechukuliwa. Kwa ufunguo huo, mwizi angezima arifa, amfungie mteja nje na kuhamisha sarafu zake. Kettle hakuchukua chochote. Alitoa taarifa, na kasoro ikarekebishwa kwa dakika 20.

Zingatia kwamba hapo neno la siri halikuhitajika kuibwa. Hata lingekuwa gumu namna gani, lisingemwokoa mteja.

Siku hizi vivinjari vimekaza masharti ya kuki, lakini tovuti yenyewe yaweza kuyalegeza. Tahadhari kabla ya hatari: ukimaliza shughuli za fedha, toka kabisa katika akaunti kabla ya kufungua tovuti nyingine.

Nawe mwanafunzi unayejifunza kutengeneza tovuti, andika orodha ya tovuti unazoziamini, na ulinganishe jina zima, si kipande chake. Usinakili suluhisho kwa kuwa tu limeondoa maandishi mekundu kwenye skrini. Huenda maandishi hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwalinda wateja wako.