Mafunzo ya Kuandika Programu kwa Pamoja

Watu watano wakiandika programu moja ya kompyuta, mmoja aweza kufuta kazi ya mwenzake bila kujua. Ndiyo maana hufundishwa kutumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila mmoja huandika kwenye tawi lake. Kila badiliko huhifadhiwa na jina, tarehe na maelezo, kama daftari la mhazina. Mwenzake hulikagua kabla ya kuunganishwa na shina. Mabadiliko yakigongana, wahusika huketi na kuamua.

Amri zake hujifunzwa haraka. Kuzoea kukaguliwa huchukua muda. Kwa hiyo tunapopanga bajeti, tusinunue kompyuta tu. Tutenge pia siku za mazoezi ya vikundi.