Daftari la Ishaan: Mtoto Anapoitwa Mvivu

Ishaan Awasthi ana umri wa miaka minane. Anaishi Mumbai na wazazi wake na kaka yake, Yohaan, ambaye daima huongoza darasani. Ishaan mwenyewe anarudia darasa la tatu. Katika mtihani wa hisabati anaulizwa 3 mara 9. Akilini mwake sayari ya tatu, Dunia, inasafiri angani hadi kuigonga sayari ya tisa, Pluto, na kuivunjavunja. Dunia ndiyo iliyosalia. Basi jibu ni 3. Mwalimu ataona kosa tu, lakini mtazamaji ameona akili iliyofanya kazi kwa bidii.

Ndivyo filamu ya Kihindi *Taare Zameen Par*, yaani nyota duniani, inavyomtambulisha mhusika wake mkuu, aliyeigizwa na Darsheel Safary. Iliandikwa na Amole Gupte, ikaongozwa na Aamir Khan, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 2007. Kwa mhudumu wa afya, filamu hii ni zaidi ya burudani: ni historia kamili ya mgonjwa ambaye kila mtu amemhukumu kabla ya kumchunguza.

Kabla ya mwalimu mmoja kuuliza

Walimu wanamwita Ishaan mtukutu. Baba anaamini kuwa ni mkaidi, naye anampeleka shule ya bweni ili apate nidhamu. Mama aliacha kazi ili amsaidie, lakini hajui amsaidie vipi. Wote wanampenda, na wote wanamtibu kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Bwenini, mtoto aliyekuwa akichora mchana kutwa anaacha kuchora. Hazungumzi na watu isipokuwa rafiki yake mmoja. Mhudumu wa afya atatambua hapa dalili za sonona. Hii ndiyo hatari kubwa: ugumu wa kusoma wenyewe haumuui mtoto, lakini aibu ya miaka mingi inaweza kuiangamiza nafsi yake.

Anayegeuza mambo ni Ram Shankar Nikumbh, mwalimu wa muda wa sanaa. Anaomba madaftari ya Ishaan na kuyasoma makosa yake moja baada ya jingine. Anaona kwamba makosa hayo yana mpangilio: herufi zinazofanana zimebadilishana nafasi, nyingine zimegeuzwa kama kwenye kioo, na neno moja limeandikwa kwa namna mbalimbali katika ukurasa uleule. Mvivu huacha ukurasa mtupu. Huyu alijitahidi akakwama kila mara mahali palepale.

Disleksia ni nini?

Hali hiyo huitwa disleksia. Mwaka 1896, daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu kijana wa miaka 14, mwerevu kwa kila hali, ambaye hakuweza kujifunza kusoma. Mwalimu wake aliona kuwa angekuwa hodari kuliko wenzake wote iwapo masomo yangefundishwa kwa mdomo tu.

Madaktari wa wakati ule waliuita upofu wa maneno. Leo inafahamika kuwa chanzo kikuu hakimo machoni, bali katika jinsi ubongo unavyotenganisha sauti za lugha na kuzioanisha na herufi. Hali hii hurithiwa katika familia nyingi. Haitokani na malezi mabaya, wala haina uhusiano na upungufu wa akili.

Hapa filamu inahitaji kutazamwa kwa uangalifu. Herufi zinazocheza mbele ya Ishaan ni lugha ya sinema, na mtazamaji asidhani kuwa miwani itazituliza. Tena, mtoto anayeanza kusoma kugeuza b na d ni jambo la kawaida. Linatia shaka likiendelea baada ya wenzake kuliacha. Na Ishaan anapata nafuu kwa muda wa wimbo mmoja, ilhali katika maisha halisi kazi hiyo huchukua miezi, mara nyingi miaka.

Zaidi ya hayo, Ishaan anahangaika na Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ina mitego mingi. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiitalia na Kifini, disleksia hujitokeza zaidi kwa usomaji wa polepole kuliko kwa makosa mengi. Kiswahili nacho huandikwa hivyo. Kwa hiyo mtoto anayesoma Kiswahili bila makosa mengi, lakini kwa kujikokota silabi kwa silabi wakati wenzake wamekwisha maliza, naye anastahili kuchunguzwa.

La kufanya

Mzazi anapomleta mtoto kwa kuwa hafanyi vizuri shuleni, kwanza apimwe macho na masikio. Iulizwe kama alichelewa kuzungumza, na kama yuko mwanafamilia aliyetaabika kusoma. Madaftari yaletwe, na mwalimu asikilizwe. Hali ya moyo wake ichunguzwe pia: je, analala vizuri, anacheza, anaogopa kwenda shule?

Hakuna dawa ya kuponya disleksia. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa marudio ya kila siku. Nikumbh anatumia mchanga, udongo wa kufinyanga na ngazi za kuhesabia. Mtoto huhitaji pia muda wa ziada katika mitihani na nafasi ya kujibu kwa mdomo. Nchini India, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 2016 inautambua ugumu mahususi wa kujifunza.

Nikumbh anapokwenda kuwaona wazazi, baba angali anasema kuwa mtoto anatafuta visingizio. Mwalimu anamkabidhi kasha lenye maandishi ya lugha ya kigeni na kumwamuru asome. Baba anasema hawezi. Mwalimu anamkaripia: ajitahidi, aache ukaidi! Baba anateta kwamba hayo hayawezekani, kwani hajui herufi hizo. Kwa dakika moja, mzee Awasthi amekaa kwenye dawati la mwanawe.