Mafuta ya breki: yanayofaa uwanja wa mbio si lazima yafae mteremko wa Ngomo

Dereva anayetoka Bukavu kuelekea Uvira kwa barabara ya kitaifa namba 5 anajua kwamba baada ya Nyangezi kazi yote inahamia kwenye mguu wa kulia. Miteremko ya Ngomo inashuka kwa kona nyingi hadi Kamanyola, katika tambarare ya Ruzizi, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande mwingine. Hapo breki hukanyagwa kwa dakika nyingi mfululizo, gari likiwa limejaa abiria na mizigo. Na hapo ndipo chupa ndogo ya mafuta ya breki, ambayo wengi huinunua bila kusoma maandishi yake, inaweza kuamua kama gari litasimama au halitasimama.

Kuna wanaonunua mafuta yoyote ya bei ya chini, mradi chombo kijae. Kuna pia vijana wapenda magari wanaoamini kwamba mafuta ya magari ya mbio ndiyo bora kwa kila gari. Pande zote mbili zinasahau maswali mawili: breki za gari hili zitapata joto kiasi gani, na mafuta haya yatakaa ndani yake muda gani?

Kwa nini pedali inazama

Unapokanyaga pedali, nguvu ya mguu husukuma mafuta kutoka silinda kuu hadi kwenye magurudumu, ambako pistoni hubana plaketi kwenye diski. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu mafuta hayabonyei. Lakini yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama puto. Mguu unakwenda hadi chini na gari linaendelea kukimbia.

Joto linalohusika si dogo. Tuchukue minibasi ya tani 2.5, pamoja na abiria wake, inayoshuka mita 500 kwa mwendo uleule bila msaada wa injini. Breki zake zinapaswa kumeza joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 35 za maji ya baridi. Ni sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa mara 12 au 13 bila mapumziko. Sehemu ya joto hilo huondoka na upepo, sehemu nyingine hupita kwenye chuma hadi kufikia mafuta.

Adui wa pili ni maji. Karibu mafuta yote ya breki yanayouzwa leo yametengenezwa kwa glikoli, na glikoli hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu huo huingia polepole kupitia mipira ya breki na kifuniko cha chombo, hata kama gari limesimama tu uani. Kadiri maji yanavyoongezeka, ndivyo mafuta yanavyochemka mapema.

Namba mbili za kusoma

Herufi DOT zinatokana na Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoweka kanuni ambazo watengenezaji wa nchi nyingi wanazifuata. Kila daraja lina viwango viwili vya chini vya kuchemka: cha mafuta mapya, na cha mafuta yaliyokwisha kunyonya maji kiasi cha 3.7 kwa mia.

- DOT 3: digri 205 yakiwa mapya, digri 140 yakiwa na maji.
- DOT 4: digri 230 yakiwa mapya, digri 155 yakiwa na maji.
- DOT 5.1: digri 260 yakiwa mapya, digri 180 yakiwa na maji.

Wauzaji hupenda kuandika namba ya kwanza kwa herufi kubwa. Dereva wa kawaida anapaswa kuangalia ya pili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha hali ya mafuta yaliyokaa garini miaka kadhaa. Tazama tofauti: DOT 3 mapya huchemka kwa digri 205, lakini DOT 5.1 yaliyozeeka huweza kuchemka kwa digri 180. Yaani mafuta ya bei ndogo yaliyobadilishwa juzi yanaweza kuyashinda mafuta ya bei kubwa yaliyosahauliwa.

Kuna mtego mmoja katika majina. DOT 5 si ndugu ya DOT 5.1. DOT 5 ni silikoni, kwa kawaida yenye rangi ya zambarau. Hayanyonyi maji, hivyo tone la maji likiingia hukaa peke yake mahali pa chini, ambapo huchemka kwa digri 100 au chini yake na kuleta kutu. Hayafai kuchanganywa na aina nyingine, wala hayafai kwa magari mengi yenye mfumo wa ABS. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja na zinaweza kuchanganyika, ingawa mchanganyiko hupunguza ubora wa ile iliyo nzuri zaidi.

Fundisho kutoka Nürburgring

Mahali pazuri pa kuona tofauti kati ya barabara na uwanja wa mbio ni Nürburgring, Ujerumani. Njia yake ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa kilomita 20.8 na tofauti ya mwinuko ya karibu mita 300. Siku zilizopangwa, mwenye gari la kawaida hulipa na kuingia. Gari lililompeleka kazini jana linazunguka leo katika njia ya mbio, kisha jioni linamrudisha nyumbani.

Wenye magari ya namna hiyo hutumia mafuta ya mbio. Kwa mfano Motul RBF 600, kwa maelezo ya mtengenezaji, huchemka kwa digri 312 yakiwa mapya na digri 205 yakiwa na maji. Namba hizo zinavutia. Lakini anayekwenda uwanjani mara nyingi hubadilisha mafuta hayo kila baada ya miezi michache, na baadhi ya timu za mbio huyabadilisha kabla ya kila shindano. Wanalipia digri zile za juu, na ili wazipate ni lazima mafuta yawe mapya.

Ukiyaweka mafuta hayo kwenye teksi na kuyaacha miaka 3, umelipa bei ya mbio na kubaki na mafuta yaliyozeeka. Zaidi ya hayo, baadhi ya mafuta ya mbio hayakutengenezwa kwa kufikiria kinga ya muda mrefu dhidi ya kutu, ambayo gari la kila siku linaihitaji.

Basi tuchague yapi?

Kwa gari linalozunguka mjini tu, DOT 4 yenye chapa inayoaminika, ikibadilishwa kila miaka 2 kama watengenezaji wengi wa magari wanavyoagiza, inatosha.

Kwa gari linaloshuka milima likiwa na mzigo, DOT 4 nzuri au DOT 5.1 ni chaguo bora, na mwaka mmoja ni muda wa busara wa kubadilisha. Mafuta ya mbio yawaachie wale wanaokimbiza magari uwanjani na walio tayari kuyamwaga kila mara. Katika hali zote, soma kifuniko cha chombo cha mafuta au kitabu cha gari: ukikuta DOT 4, usishuke hadi DOT 3.

Mwenye gari la okazioni lililotoka Japani au Ulaya asianze na swali la chapa. Hajui mafuta yaliyomo yana umri gani, hivyo yabadilishwe yote kwanza, hadi yatokayo kwenye kila gurudumu yawe mapya na bila mapovu. Kuongeza juu tu hakutoi maji yaliyokwisha kuingia. Tena, mafuta yakipungua kwenye chombo, mara nyingi ni dalili kwamba plaketi zimekwisha au kuna mahali panapovuja. Anayejaza bila kukagua anaificha dalili hiyo.

Nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya garaji imeshaanza kunyonya unyevu. Na kamwe usiweke maji wala mafuta ya injini: maji huchemka mapema, na mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki hadi ikaharibika.

Njiani, sikiliza mguu

Pedali ikiwa ngumu lakini gari halipungui mwendo, plaketi ndizo zilizopata joto kupita kiasi. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta yanachemka. Katika hali hiyo, ikanyage na kuiachia haraka mara kadhaa, shusha gia, na vuta breki ya mkono polepole. Katika magari mengi breki hiyo huvutwa kwa waya na haitegemei mafuta.

Hatari haiishi gari linaposimama. Bila upepo wa mwendo, joto la diski huendelea kuingia kwenye mafuta, na pedali iliyokuwa nzuri inaweza kuzama unapoondoka tena. Ndiyo maana madereva wa mbio humaliza kwa mzunguko mmoja wa polepole. Anayefika Kamanyola breki zikinuka naye aendelee kidogo kwa mwendo wa taratibu kwenye tambarare kabla ya kusimama, kama pedali bado inafanya kazi vizuri. Asimwagie diski maji. Na kama pedali ilizama njiani kisha ikarudi, asiseme imepona: mafuta hayo yabadilishwe kabla ya safari ya kurudi.

Kinga ya kwanza inabaki ileile kabla ya mteremko kuanza: gia ya chini, mwendo mdogo, injini ifanye kazi ya kuzuia. Mafuta mazuri ni akiba ya wakati mambo yanapokuwa magumu, na akiba hiyo hupungua kila mwezi hata kama gari halitembei.